Waliopo

Saa tatu za usiku. Feni imekwama
kama ulimi wa mtu aliyekumbushwa deni.
Ofisi ya elimu imeleta ujumbe:
idadi kamili, kesho kabla ya adhuhuri,
atakayechelewa asije akatulilia mgao.

Daftari langu lasema mia mbili na kumi na wanne.
Mfumo wasema mia moja na sabini na wawili.
Nimejumlisha mara nne,
mara ya mwisho kwa vidole, kama wa darasa la kwanza.
Arobaini na wawili hawaonekani.

Zamani shule hii ilikuwa ya mtaa.
Mtoto wa Kuze akisahau kitabu
alirudi kukichukua kabla kengele haijanyamaza.
Kisha nyumba zikauzwa. Moja ikawa duka la vinyago,
moja vyumba vya wageni,
na picha ya mlango wetu wa zamani ikatundikwa ukutani humo.
Wenyewe wakavuka daraja, Mtopanga, Bombolulu, Kiembeni,
wakaenda na wana wao.
Mwalimu Shekue alilifunga darasa la nne B
kwa kufuli la baiskeli.
Yeye amestaafu. Kufuli lipo.

Wanaokuja siku hizi waletwa na Marikiti.
Mama ashusha ndizi saa kumi alfajiri,
mwana alala juu ya magunia mpaka kuche,
aingia darasani ananuka vitunguu,
na sehemu anazijua kabla sijamfunza:
nusu ya robo, fungu la thalathini, nyongeza ya mteja.
Dzame wa Ganze. Mutheu wa Kibwezi.
Ndugu wawili waliotoka Burundi,
mkubwa amjibia mdogo, hata akiitwa jina.

Vyeti vya kuzaliwa hawana.
Mfumo wataka nambari ya cheti,
hauna pa kuandika:
alizaliwa mwaka wa mafuriko,
mkunga keshakufa, muulize nyanyake.

Tulikuwa walimu tisa.
Kila idadi ikishuka, barua ya uhamisho hupanda ngazi.
Tumebaki watano, madarasa sita.
Wa sita ni Munyasia, wa wazazi,
elfu tisa kwa mwezi, zikipatikana.
Novemba tulimlipa nusu kwa pesa,
nusu kwa mchele na mkungu wa ndizi.
Akashukuru.
Afadhali angenitukana.

Na sasa niseme lile ninalolizunguka.
Si arobaini na wawili. Ni arobaini na watatu.
Kwani kwenye mfumo yumo Rukunga Tunje,
darasa la tano, mvulana, cheti anacho,
aliyeondoka Agosti na babake kwenda Mariakani
na mkoba uliofungwa kwa kamba ya katani.
Shule ya huko haijamwomba.
Mie sijamtoa.
Serikali yamlipia asiyekuwepo,
na aliyepo haimjui.

Pesa yake si nyingi.
Ilinunua chaki, ikatia koki mpya
kwenye mfereji wa uani, koki ambayo tayari yavuja.
Nikipita nikisikia to, to, to,
husema moyoni: Rukunga huyo.

Mkaguzi akija ataita wizi.
Ana haki. Nami nitamfungulia daftari
nimwonyeshe ukurasa baada ya ukurasa,
alama za wino, kila siku, arobaini na watatu,
nimuulize huu nao waitwaje.
Hivyo ndivyo ninavyojisemea.
Akija kweli, labda nitatetemeka tu,
nimtilie chai.

Saa tano kasoro nikaandika mia moja na sabini na wawili.
Nikatuma.
Feni ikazunguka mara moja, ikakwama tena.

Asubuhi Mutheu alifika wa kwanza.
Aliinama kwenye mfereji, akanywa,
akapangusa mdomo kwa mkono wa shati,
akauliza kama leo iko chaki ya rangi.
Iko, nikamwambia.
Kipande.