Mizani, Sohar

Kabla ya lori la kwanza, nafagia.
Bamba la chuma lina urefu wa mita kumi na nane
na upepo wa usiku haupiti bila kuacha kitu:
mchanga, kokwa za tende, siku moja kiatu cha mtoto.
Nikiingia kibandani namba nyekundu husema arobaini.
Kilo arobaini, na juu yake hakuna mtu wala gari.
Natoka tena, nainama, nachokoa kwa bisibisi
kokoto zilizokwama ukingoni,
mpaka isome sifuri.
Hapo ndipo husema: Bwana, na mimi.

Sala yangu ya asubuhi ni hiyo tu.
Mama, mzee wa kanisa kule Wundanyi,
aliyeombea hadi kuku kwa majina,
angesema nimekuwa mvivu.

Hapa Jumapili ni siku ya mawe.
Malori hushuka kutoka milimani yakiwa yamejaa pomoni,
nami nagonga muhuri, nachana karatasi, nagonga muhuri.
Ibada yetu ni Ijumaa:
Kimalayalam saa mbili, Kifilipino saa nne,
sisi saa tisa, joto likiwa limeshakalia viti.
Mwaka wa kwanza nilinung'unika.
Siku hizi Ijumaa ikifika
mwili wenyewe huamka Jumapili.

Kwenye kitambulisho jina langu lilipoteza herufi njiani.
Kiarabu hakina *p*, basi madereva huniita Binina.
Nimezoea kuitika.
Penina yupo, amekaa ndani,
kama kanga nzuri isiyovaliwa kazini.

Msimamizi wangu ni Bi Shemsa.
Kiswahili chake ni cha bibi yake, cha Ng'ambo,
kina maneno ambayo kwetu yameshazikwa.
Mwezi wa Ramadhani hunikuta na andazi chini ya meza,
hugeuza kiti, akatazama barabara:
"Kula, mwanangu, mie nahesabu malori."
Na Kwaresima nilipofunga mimi
aliuliza swali moja tu: "Mpaka saa ngapi?"
Saa hiyo ilipofika, chai ilikuwa mezani.

Dereva mmoja alikunja riali tano ndani ya karatasi ya uzito.
Nilizirudisha.
Msiniite mtakatifu; mkono ulitetemeka,
ada ya Mwakio ilikuwa haijalipwa,
na nilimkasirikia Mungu mpaka saa ya chakula.

Nyuma ya karatasi hizo hizo nilijaribu shairi la vina:

*Nina nyumba mbili mimi, moja mbali moja hapa,*
*Huku nalisha ulimi, kule moyo nimetupa,*
*Bwana mizani sipimi, ni Wewe unayenipa,*

Mstari wa nne ukakataa.
Ulizidi silabi tatu kila nilipoupakia,
na nje mtu alikuwa anapiga honi.

Kisha ikaja simu ya Jumanne.
Mama. Usingizini, walisema, bila kusumbua mtu.
Tiketi ya siku ile ilikuwa mishahara miwili,
na kaburi halikunisubiri.
Usiku, lango lilipofungwa, nilipanda juu ya bamba
nikamwomba Bi Shemsa anisomee.
"Sitini."
Wiki iliyopita, kwa mzaha, nilikuwa nimejipima.
Sitini.
Mashine hii huhesabu ishirini ishirini;
kilichoongezeka haikukiona.
Nilisimama pale. Sikuwa na wimbo, sikuwa na zaburi,
nilikuwa na yale maneno matatu, nayo yaligoma.

Bi Shemsa akatoka kibandani.
Akavua viatu, sijui kwa nini, akapanda.
Chuma kilikuwa bado na moto wa mchana.
Hakunishika, hakuniambia nikaze moyo.
Alisema sala yake, ya kwake, taratibu,
na katikati yake nikasikia jina la mama
limetamkwa sawasawa, herufi zote.

Nyuma ya kioo namba zilisema mia na arobaini.

Tuliposhuka zilirudi nyuma, zikasita,
zikagota kwenye ishirini.
Upepo ulikuwa umeshaanza.
Fagio lilikuwa mlangoni.