Kemshafti ya Siku Nyingine

Nilitaka ile inayotikisa vioo vya jirani,
ile ambayo gari likisimama kwenye taa nyekundu
linacheua, linakohoa, linapiga kwato
kama farasi aliyefungwa karibu na nyasi,
na vijana wa Mtaa wa Genesee wageuke: hiyo ni nini?

Verna Kowalchuk hakuinua macho.
Alikuwa akipima shina la vali kwa maikromita,
miwani imeshuka puani, theluji ya Februari
ikiyeyuka kutoka buti zangu hadi sakafuni kwake.
"Chupa ya gesi," akauliza, "utaifungua mara ngapi kwa mwaka?"

Nikahesabu. Ijumaa sita za kiangazi uwanjani,
nane mvua ikiwa na huruma.
Kila Ijumaa mbio mbili, kila mbio sekunde kumi na moja.
Akaandika kwa penseli nyuma ya bahasha ya gasketi,
akajumlisha:
dakika tatu, kasoro sekunde nne.
"Na siku nyingine?"

Siku nyingine ni kiwanda cha sukari, zamu ya alfajiri,
malori ya viazisukari yakidondosha tope njia nzima.
Ni Odette na daktari wake wa meno.
Ni foleni ya benki, ni barafu nyeusi chini ya daraja,
ni breki zinazokopa pumzi ya injini ili zishike.

Akatoa moja kwenye bomba la karatasi, imelowa mafuta,
akaiviringisha juu ya kaunta.
Nundu kumi na sita zikapanda, zikashuka,
kila moja yai lililoonewa upande.
"Hii hufungulia hewa. Hii hutoa moshi.
Ile unayoililia, milango yote miwili hukaa wazi pamoja,
na hicho ndicho kishindo chako.
Mchanganyiko unaingia mbele, unatokea nyuma haujaungua.
Debe tupu nalo huvuma."

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau:
"Naitrasi haihitaji kubembelezwa.
Inaingia kwa mabavu, kama shemeji siku ya sikukuu.
Kazi iko kwenye kutoka.
Kilichoungua ni kingi, na kina haraka.
Mfungulie mapema anayetoka, chelewa kumfungia.
Anayeingia atajijua."

Nyuzi mia moja na kumi na nne kati ya nundu na nundu.
Akapigia mstari mara mbili.
"Itanguruma kidogo tu. Hakuna atakayegeuka."

Nikaona aibu, sijui ya nini.
Mwaka ule mengi yalikuwa yameniingia kwa mabavu,
nami sikuwa nimeyafungulia mlango hata mmoja.
Lakini sikwenda kwa Verna kusema hayo.
Nililipa dola mia tatu na tisini, pamoja na springi za vali,
nikabeba bomba langu kwapani kama mkate.

Aprili Odette alinishikia tochi,
akimulika kila mahali isipokuwa nilipotazama.
Tulipanga alama na alama, tukahesabu meno ya gia,
tukakosea, tukafungua tena,
akajifunza neno moja ambalo mama yake hatalifurahia.
Injini ilipowaka, kikombe cha kahawa juu ya dashibodi
kilichora duara moja, kikatulia.
"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

Ijumaa ya kwanza nilibonyeza kitufe.
Sitasimulia. Kumi na nukta saba;
waulize waliokuwepo.

Tuliporudi alikuwa amelala kiti cha nyuma,
mdomo wazi, kiatu kimoja kimevuka.
Taa ya Genesee ikawa nyekundu.
Kando yangu kijana, gari lake linacheua,
linakohoa, linapiga kwato.
Akanitazama, akalitazama gari langu,
akatazama mbele.

Breki zilishika.