Ulikuja Kutugombeza

Ulikuja kutugombeza, Bi Orvokki,
koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
kasia mkononi kama bakora ya mwalimu mkuu,
saa saba ya usiku usiokuwa usiku,
maana mwezi wa Juni, katika ziwa Saimaa,
jua huchutama tu nyuma ya misonobari
kisha huinuka, kama mtu aliyeokota kifungo.

Mvua ilikuwa imetunyeshea siku tatu.
Betri ya boti imekata roho,
siagi imelainika, soksi za Venla hazikauki,
naye Harri ana jenereta mpya,
ndogo, nyekundu, yenye mpini kama birika,
aliyoipata kwa bei ya kutupa Savonlinna.
Akaiweka nyuma, kwenye ubao wa kuogelea.
Nje. Hewani. Penye uwazi wote wa ziwa.
Nani angeogopa kitu kilicho nje?

Lakini upepo haujui adabu ya kupita moja kwa moja.
Ulitoka mbele, ukapanda juu ya paa,
ukajikunja nyuma, ukayachota yale yaliyotoka kwenye bomba,
ukayapenyeza chini ya turubai tuliloliteremsha kuzuia mvua,
ukayalaza vitandani pamoja nasi.

Moshi tungeujua. Moshi huwasha macho, hukohoza.
Harufu ya petroli ilikuja kidogo, tukaizoea;
mwenzake, ile kaboni monoksidi,
haina rangi, haina harufu, haikubisha hodi.

Niliumwa kichwa, nikaulaumu mvinyo.
Harri akatapika, akawalaumu samaki.
Venla akasema miguu yake imekuwa ya pamba.
Tukacheka. Tukamwambia alale.

Tulimwambia alale.

Kengele ya gesi? Ilikuwepo.
Ukutani, juu ya jiko, nyeupe, duara kama kisosi.
Mimi ndiye niliyeitoa betri yake
nikaitia redioni, nisikie utabiri wa hali ya hewa.
Redio ikasema: upepo mwanana.
Hili Harri halijui hadi leo.
Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ukagonga ubavu wa boti mara tatu.
"Watu wanalala hapa!" ukafoka.
Ni kweli, tulikuwa tunalala.
Ukagonga tena. Hata mbwa hakubweka,
na hapo, ulinieleza hospitalini,
hasira yako ilikosa pa kusimama.
Ukaizima mashine. Ukalirarua turubai.
Ukamburuta Venla kwa makwapa hadi mvuani,
miaka saba, mashavu mekundu kana kwamba ametoka kucheza,
ukarudi kwangu, ukarudi kwa Harri,
wewe na goti lako lile bovu.
Mbwa ulimfikia wa mwisho. Alikuwa amechelewa.

Siku hizi jenereta hushuka pwani.
Harri huibeba hadi kwenye mwamba wa mbali, upande upepo unakokwenda,
kama mtu anayemfunga mbwa mkali nje ya ua.
Petroli haongezi mpaka ipoe.
Haitanguruma tena sisi tukiwa usingizini:
siagi ikilainika, tunaila laini.
Kengele ziko mbili, moja kichwani pa Venla.
Kila Jumamosi nazibonyeza.
Venla huziba masikio, Harri hukunja uso,
nami husikiliza ule ukelele mpaka mwisho wake.

Juzi tulitia nanga karibu na vijana wa boti ya kukodi.
Usiku wa manane, turubai lao liko chini,
na nyuma, kwenye ubao wa kuogelea,
kitu kinanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.
Nikavaa koti. Nikachukua kasia.
"Utawaudhi," Harri akasema.
Nikamwambia: naomba waudhike.
Naomba waamke wote, wanitukane.