Penseli Yenye Uzi

Nyuma ya kila kitabu nimebandika karatasi,
na juu ya kaunta nimefunga penseli kwa uzi.
Siogopi wezi. Ziwa likiganda
vidole huwa vizito, penseli huanguka,
na goti langu halitaki tena kuinama.
Miaka kumi na tisa naitunza maktaba hii,
vyumba viwili ukingoni mwa ziwa Peipsi,
ambako watu hulima vitunguu na husema kidogo.
Kwenye karatasi, husema.

Feodosia Varunina alichukua kitabu cha imani,
cha msomi mmoja mwenye shahada tatu na ndevu.
Alinawa kabla ya kukishika. Alikifunga kitambaa
kama mkate. Siku arobaini akakaa nacho
(faini nilimsamehe), akarudi, akaandika amesimama:
"Bwana huyu anamjua Mungu
kama mtu anavyomjua jirani wa ghorofa ya juu:
kwa kusikia viatu."
Akafikiri. Akaongeza: "Lakini anasikiliza vizuri."

Arvo seremala, mwenye vidole vinane na nusu,
alitaka kile cha ubunifu, kipana kama sinia,
karatasi inang'aa hadi unajiona pua.
Kiti cha ukurasa wa sitini alikipima kwa rula.
"Kizuri," aliandika. "Hakijawahi kukaliwa.
Miguu ya nyuma itasalimu amri siku ya msiba,
wajomba watakapoketi na makoti yao."
Na chini, kwa hasira ya mtu aliyesahau miwani:
"Nani kawaambia waandike kijivu juu ya kijivu?
Wino mweusi umepanda bei?"
Gazeti la mji mkuu lilikuwa limekisifu kiti kile.
Sawa. Gazeti haliketi.

Sasa historia.
Juzuu nene, jalada la samawati, ramani nne,
mwandishi mwangalifu, tanbihi zake zimepangwa kama kuni.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili anasema
familia za kijiji zilipakiwa kwenye malori alfajiri
"bila upinzani."
Helju Raudnask ana miaka themanini na mitatu.
Hakuandika nyuma, kwenye karatasi yangu.
Aliandika palepale, pembezoni, akikandamiza
hadi ukurasa wa pili ukapata kovu:
"Mama alimng'ata askari mkono.
Nilikuwa chini ya meza. Niliona."

Kanuni zinataka kitabu kilichochorwa kiondolewe.
Niliripoti. Ndiyo, niliripoti, nala mshahara wa umma.
Ikaja kwa posta nakala mpya, safi, yanuka gundi,
nikaiweka rafuni. Ile ya zamani
nikaisukuma chini ya kaunta, nyuma ya birika,
nikijiambia nitaitupa masika.

Mpya haikuazimwa na mtu.
Mwezi mzima walikuja mmoja mmoja
wakikung'uta theluji, wakianza na habari za baridi
kama mtu aliyekuja kukopa fedha:
mwalimu wa hesabu, muuza samaki wa moshi,
kijana wa posta ambaye sijamwona na kitabu,
hata Feodosia, asiyesalimiana na Helju
tangu ule ugomvi wa ua na kuku.
"Si hiyo," walisema. "Nataka ile yenye meno."

Nawapa. Hurudi inanuka jiko na kitunguu,
ganda moja la dhahabu limesahauliwa katikati.
Jana niliikagua, ukurasa kwa ukurasa, ndiyo kazi yangu.
Kando ya maneno ya Helju kuna mwandiko mwingine,
mdogo, wa kizamani, herufi zimesimama wima
kama watu kanisani:
"Mkono upi?"

Nilikaa na swali hilo hadi chai ikapoa.
Msomi wa tanbihi hakuliuliza. Mimi pia sikuliuliza,
na Helju hununua maziwa mlango wa pili.
Kisha nikafungua daftari la zamu, nikatazama.
Alhamisi ni yake.