Mita Elfu Tano

Theluji ya Februari imefika usawa wa madirisha,
na Justina Wiebe anakung'uta viatu mlangoni pangu
kama mtu anayebisha hodi kwa miguu.
Nyuma yake Verna, bintiye.
Hajazima injini ya gari.

"Uzi," anasema mama.
Na uzi ndio mkate wangu, mwaka wa ishirini na sita sasa
kwenye barabara hii moja ya Manitoba,
kati ya benki na ghala la ngano.

Ninaweka viwili mezani.

Rili: mita mia nne na hamsini, yaenea kiganjani,
yakaa juu ya cherehani
kama kofia juu ya kichwa cha mtoto.
Koni: mita elfu tano, nzito, imesimama kwa kitako chake.
Cherehani ya nyumbani haina pa kuibeba.
Yataka kisimamio chake nyuma, na ndoano juu,
uzi upande wima
kama moshi siku isiyo na upepo.

"Rili inatosha," anasema Verna.
Hasemi kwa nini.
Mama ana miaka themanini na mitatu.

Justina hana haraka. Anavuta uzi wa koni shubiri moja,
anaukata kwa jino (bado analo moja la kazi hiyo),
anauinua dirishani
atafute manyoya yake mbele ya weupe wa nje.
Kisha anahesabu, wala si dola:
"Mfarishi wa kitanda kikubwa hunywa rili nne,
na ya tano huisha katikati ya mstari.
Sikuzote katikati ya mstari.
Sijaona bado rili yenye adabu ya kuishia pindoni."

Nyekundu anachukua rili. Nani ana dhambi
za kushonea mita elfu tano za nyekundu?
Kijani, rili.
Bali kijivu, kijivu kile kinachojificha kati ya viraka vyote
kama shemeji mpole kwenye ugomvi wa ukoo,
kijivu anakitaka kwa koni.

"Utaiweka wapi, Mama?"
"Kwenye kikombe cha bati cha baba yako.
Tangu aache kahawa hakina kazi."

Ninamwonyesha kisimamio cha chuma, dola ishirini na mbili.
Anakitazama kwa heshima, kama mgeni aliyekosea nyumba.
Bura yake habadili kwa rehani.

Halafu anatoa mfukoni koni ya zamani, karatasi tupu
yenye uzi wa kidole kimoja nchani,
nilinganishe rangi. Ninaigeuza.
Ndani, kwa penseli, herufi ndogo kama mishono:

*Oktoba 2011. Anneliese, arusi. Mnada wa kanisa.
Mnada. Pacha wa Dietrich. Mnada.
Abram, hospitali, kitanda cha dirishani.
Mnada. Verna (bado hajui). Mei 2019.*

Verna anasoma juu ya bega langu.
Anasoma tena.
Kisha anatoka nje bila kufunga zipu ya koti,
nami nadhani amechoka kungoja.

Justina anaazima penseli yangu.
Anaingiza mkono kwenye koni mpya hadi kifundo,
anaandika tarehe ya leo, anaweka kistari,
anaacha.
Ninajua nimeona wapi tarehe yenye kistari namna hiyo,
nami nanyamaza, najifanya natafuta chenji.
"Kama kaburini, eh?" anasema yeye,
na kupuliza vumbi la penseli.
"Tofauti ni mpangilio. Hapa hujaza kwanza."

Nje, injini inazimika.
Dirisha linaacha kutetemeka, nami ndipo nagundua
kwamba lilikuwa linatetemeka muda wote huu.

Verna anarudi, theluji nyusini,
anaweka mkoba juu ya meza kama aliyekuja kukaa.
"Kile kisimamio cha chuma," ananiuliza, "umesema bei gani?"

"Kikombe kinatosha," anasema mama yake.