Ukuta wa Sweta

Nélida Choque haulizi nguo imetoka wapi.
Anaikunjua, anaipindua, anatafuta lebo shingoni,
kwa kidole gumba anapima: pamba, sufu, plastiki.
Plastiki kushoto. Sufu kwenye gunia.
Pamba iliyobabuliwa na jua, hiyo basi tena.

Huku juu ya Iquique mvua haijui njia.
Kinachopanda kutoka baharini ni ukungu,
hufika alfajiri, hulowesha vilima vya jinzi
kisha huondoka kama mgeni aliyekataa chai.

Marobota hushuka bandarini yamekazwa mikanda.
La kwanza huuzwa. La pili huuzwa nusu.
La tatu hupandishwa kwa lori usiku, taa zimezimwa,
na jangwa, kwa kuwa halina mdomo,
huhesabiwa limekubali.

Lugha yangu iliwahi kuziita kafa ulaya,
tukidhani lazima mwenyewe amekufa
ndipo koti zuri namna ile liachwe.
Nélida anacheka nikimweleza.
Ananyanyua blauzi, karatasi ya bei bado inaning'inia.
"Huyu hakufa," anasema.
"Huyu alichoka tu, kabla hajaivaa."

Mwaka juzi zilichomwa. Nani, hakuna aliyeona.
Siku kumi na moja moshi ulilala vitandani mwetu,
mwanawe Ariel akakohoa weusi kwenye leso,
na leso yenyewe, alipoitazama vizuri,
ilikuwa imeokotwa kule kule.

Karakana ni kontena mbili na mashine moja ya mkopo.
Inakula sweta, inatema manyoya ya kijivu.
Manyoya yanashindiliwa kwa gundi ya wanga,
yanakuwa ubao, unene wa kiganja.
Ubao unakuwa ukuta.

Alikuja bwana mmoja wa wizara, viatu havijawahi kuonja vumbi.
Alisema watengenezaji watawajibishwa,
sheria iko njiani.
Rosalba, mweka hazina, akauliza inapita njia ipi,
maana ya malori tunaijua.

Mlangoni kuna hesabu ya chaki:
kwa siku tunasaga kilo mia tatu.
Lori moja, tani tisa.
Nélida ndiye aliyeiandika, na hajaifuta.
Kila asubuhi anaisoma, anavaa glavu.

Usiku huku baridi huuma mpaka misumari ya mabati.
Mzee Eleuterio, kwenye chumba kipya cha binti yake,
amelala bila kofia, mara ya kwanza tangu Mei.
Mjukuu amebandika sikio ukutani.
"Unasikia nini?"
"Hakuna upepo."

Penye kiungo cha mbao mbili
uzi mmoja mwekundu umechomoza.
Anauvuta kidogo.
Anakatazwa.
Anauvuta tena.