Zizi la Fahali Watatu

Wahenga wetu walikata shauri mapema:
fahali wawili hawakai zizi moja.
Verna Lindqvist, wa vilima vya mchanga vya Nebraska,
hajapata kuisikia methali hiyo, ila anayo kovu yake
chini ya goti, tangu msimu ule wa theluji
madume yake mawili yalipong'oa lango naye akiwa katikati.

Ndiyo maana nilishangaa aliponiambia,
huku akimimina maji ya dukani kwenye birika,
kwamba nchi yake ilijengwa na watu wakaidi
waliofungia fahali watatu pamoja, kwa makusudi,
wakawazungushia ua wa karatasi.

"Ili wapigane?"
"Ili wachungane."

Kisima chake kina sumu.
Jeshi lilizika mapipa juu ya bonde, zamani,
likaondoka, likaacha bango lisilosomeka.
Basi ulipoandikwa muswada wa visima
Verna alikaa na redio kama mtu anayeuguza.
Baraza la Wawakilishi likaupitisha Jumanne.
Seneti ikaupokea, ikaupima, ikaukata mkia,
wakavutana wiki sita juu ya koma moja
na dola milioni tisini.
Hatimaye karatasi ikabebwa hadi mezani kwa Rais.
Siku kumi anazo; Jumapili hazihesabiwi.
Verna alizifuta kwa penseli
kwenye kalenda ya duka la malisho.
Siku ya tisa karatasi ikarudi ilikotoka,
na barua ya kurasa mbili: sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kuipiku kalamu moja kulitaka theluthi mbili.
Zikapungua kura nne.
Nne!
Verna akatoka nje bila koti,
akaipiga ndoo teke, ikatua kwa kuku.
Siku hiyo usingemwambia habari za mizani ya madaraka.
Mwenda pole hajikwai, naam,
lakini mwenda pole hakubebewa ndama mwenye kiu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi,
akaja kijana wa serikali, adabu tele, buti safi mno,
na amri yenye sahihi ya Rais yuleyule:
malisho ya kaskazini yatwaliwe, jeshi lina mazoezi.
Hakuna aliyelipigia kura. Hakuna senti iliyotengwa.
Kalamu tu.
Ekari elfu moja na mia mbili,
na kaburi la Orrin, mumewe, ndani yake.

Akaenda Omaha kwa gari lenye mlango mmoja unaofunguka,
na wakili aliyelipwa nusu kwa nyama.
Jaji alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua,
aliyeteuliwa na Rais huyohuyo,
akathibitishwa na Seneti ileile iliyokata mkia.
Hana askari, jaji yule. Hana hazina.
Ana joho, ana leso, ana kiti
asichoweza kunyang'anywa kwa sababu tu amemuudhi mtu.
Akasoma. Akapiga chafya. Akasema:
mkono uliotia sahihi hapa haukupewa uwezo huo;
amri hii isitekelezwe.

Na haikutekelezwa.
Hapo ndipo Verna anapokosa usingizi:
kwamba mwenye mizinga alimsikiliza mwenye mafua.
Kwamba siku ile, kwa mara nyingine,
waliiangalia karatasi wakaona ua.
"Siku wakiacha kuuona," akasema, "hautazuia hata ndama."

Tukatoka kuwalisha wake. Kila dume na boma lake,
waya za umeme katikati.
Nilimtazama; akacheka kwa pua.
"Mimi ni mmoja," akasema, "na goti langu ni moja."

Kisima bado kina sumu.
Muswada umerudi kamatini, na mkia mpya.
Usiku ule aliandika barua tena,
mkono wake ukitetemeka kidogo kwenye herufi ya kwanza,
na birika likichemka maji ya kununua:
Mheshimiwa, ni mimi tena.